Ekari Nne na Nusu

Tarehe 13 Oktoba 2018, kwenye mnada wa Sotheby's jijini New York, chupa moja ya mvinyo mwekundu iliuzwa kwa dola 558,000. Kwa kiwango cha siku zile hiyo ni zaidi ya shilingi bilioni 1.2. Chupa ya kawaida tu, mililita 750, ya mwaka 1945. Siku hiyohiyo mwenzake akauzwa kwa dola 496,000. Mvinyo wenyewe unaitwa Romanée-Conti, na unatoka Ufaransa.

Habari hiyo ilipotoka niliipita tu, kama tunavyopita habari nyingi za matajiri. Mwaka jana nikairudia kwa utulivu, na kilichonisimamisha hakikuwa bei, ni ukubwa wa shamba. Hekta 1.8. Nikachukua simu nikapiga hesabu: ekari nne na nusu. Bibi yangu mzaa mama ametuachia shamba Kisarawe, ndani huko, upande wa Maneromango. Ekari tano kasoro kidogo. Na wiki ileile ukoo ulikuwa umeitisha kikao Kibaha, nyumbani kwa mjomba, ajenda moja tu: tuuze au tusiuze.

Kwa hiyo naomba msomaji anisamehe kama makala hii itakuwa inakwenda Ufaransa na kurudi Kisarawe. Ndivyo kichwa changu kilivyokuwa kinakwenda.

Shamba la Romanée-Conti liko katika kijiji cha Vosne-Romanée, Burgundy, mashariki ya Ufaransa. Ukiliona kwenye picha utasema ndio hili? Mteremko mdogo, mistari ya mizabibu isiyozidi kifua cha mtu mzima, ukuta mfupi wa mawe, msalaba wa mawe pembeni. Ng'ambo ya njia kuna mashamba mengine yenye mizabibu ya aina ileile, Pinot Noir, ambayo mvinyo wake ni ghali lakini haufiki huko.

Karne nyingi ardhi hiyo ilikuwa mali ya watawa wa Saint-Vivant. Ikaja kutoka mikononi mwao, na mwaka 1631 ikawa ya familia ya Croonembourg, ambao ndio waliolizoesha jina la Romanée. Mwaka 1760 akainunua Louis François de Bourbon, Mwanamfalme wa Conti. Wanasimulia kwamba Madame de Pompadour, hawara wa Mfalme Louis wa 15, naye alikuwa anaitaka akazidiwa kete. Hadithi hiyo imependwa mno, kila mwandishi wa mvinyo lazima aitaje, na ndiyo maana mimi siiamini sana. Linaloeleweka ni kwamba mwanamfalme alilipa hela nyingi kwa kipande kidogo, kisha mvinyo wake akauweka kwa ajili ya meza yake mwenyewe.

Yakaja Mapinduzi ya Ufaransa. Ukoo wa Conti ukanyang'anywa kila kitu, na mwaka 1794 shamba likapigwa mnada kama mali ya taifa. Hapo ndipo penye kichekesho: waliomfukuza mwanamfalme hawakulifukuza jina lake. Lilikuwa linaongeza bei. Shamba likapita mikono kadhaa mpaka mwaka 1869, alipolinunua Jacques-Marie Duvault-Blochet. Kizazi chake kinalo hadi leo, nusu kwa nusu na familia ya Leroy walionunua hisa mwaka 1942.

Hebu tazama: watawa, mabwanyenye, mwanamfalme, serikali ya mapinduzi, wafanyabiashara, wajukuu wa wafanyabiashara. Wenye shamba wamebadilika mara ngapi! Lakini mipaka yenyewe imebaki karibu ileile, na kila mkono uliolipokea uliacha karatasi.

Sasa kwa nini 1945? Katika miaka ya 1860 mdudu mdogo anayeitwa filoksera aliingia Ufaransa kutoka Marekani akala mizizi ya mizabibu nchi nzima. Dawa iliyopatikana ni ile ambayo mtu yeyote mwenye miembe anaijua: kubebesha. Unachukua shina la mzabibu wa Kimarekani ambao mizizi yake inamhimili mdudu, unaubebesha mzabibu wa Kifaransa juu yake. Ufaransa karibu yote ikafanya hivyo. Romanée-Conti wakakataa. Wakaendelea na mizabibu yao ya asili kwa kuidunga ardhi dawa ya kuua mdudu, kazi ya gharama na ya watu wengi, mwaka hadi mwaka. Vita Kuu ya Pili ilipokuja, dawa ikawa haba na vijana wakawa hawapo. Mizabibu ikachoka. Mavuno ya 1945 yalikuwa kidogo kiasi kwamba zilijazwa chupa takribani 600 tu. Baada ya hapo wakang'oa yote. Wakapanda mipya, iliyobebeshwa, mwaka 1947, na mvinyo mwingine wenye jina hilo haukupatikana mpaka mavuno ya 1952.

Kwa hiyo aliyetoa bilioni ile alinunua mwisho wa kitu. Mizabibu iliyozaa ile divai haipo tena duniani.

Watu wengi wanadhani mvinyo wowote ukiuweka unakuwa bora. Si kweli. Sehemu kubwa ya mvinyo wa dunia hutengenezwa unywewe ndani ya miaka michache, na ukiuweka kabatini miaka kumi utapata kitu cha kumwagia saladi. Unaostahimili ni ule wenye uchachu wa kutosha na tanini nyingi. Tanini ni nini? Ng'ata bibo la mkorosho. Ule ukakasi unaokukamata ulimi ndio huo. Kwenye mvinyo mwekundu unatoka kwenye maganda na kokwa za zabibu, na miaka inavyokwenda ndani ya chupa unalainika na kutulia chini kama masimbi, ladha zikabadilika. Mvinyo mkubwa ukiwa mchanga unaweza kuwa mkali usioelewana na mtu. Unasubiriwa. Na anayeuweka mara nyingi si yule atakayeunywa.

Nilipofika hapo nikamfikiria mgema.

Masaki (ya Kisarawe, siyo ile ya mabalozi) kuna mzee ambaye nimekuwa nikimtembelea tangu nikiwa mwanafunzi chuo kikuu. Asubuhi unamkuta kiunoni ana kotama, kile kisu cha kugemea, na vibuyu siku hizi vimegeuka madumu ya plastiki. Anapanda mnazi kwa ngazi alizochonga kwenye gogo lenyewe. Juu anachagua karara ambalo bado halijafunguka, analifunga, anakata ncha yake kipande chembamba kabisa, anatundika chombo. Anakata tena jioni, na tena asubuhi. Karara linalogemwa halitazaa nazi, kwa hiyo kila dumu la tembo ni nazi ambazo hazikuzaliwa. Ndiyo maana wenye minazi na wagema wana maelewano yao ya zamani, nani apate nini, na yakivunjika ni kesi.

"Shikamoo babu."

"Marahaba mjukuu wangu. Umekuja kuandika au kunywa?"

"Vyote viwili."

"Anza kunywa. Kuandika kunasubiri, hili halisubiri."

Na kweli halisubiri. Maji ya mnazi yanaanza kuchachuka palepale juu ya mti, kwa hamira ya hewani, hata kabla mgema hajashuka. Asubuhi ni tembo tamu, mtoto anaweza kuomba. Saa za mchana limekuwa kali. Kesho yake linaelekea siki. Hakuna tembo la mwaka jana, sembuse la 1945. Ukiniambia tulinganishe tembo na Romanée-Conti kwa kipimo cha kukaa, mashindano yameisha kabla hayajaanza.

Ila umri upo. Uko mahali pengine tu: kwenye mti. Mnazi mrefu wa Pwani ukitunzwa unazaa kwa miaka 60 na zaidi. Yule babu anagema minazi iliyopandwa na baba yake, na anajua kila mmoja, huu ni mtamu, huu ni mkaidi, huu ulipandwa mwaka fulani wa njaa. Wenzetu wa Burgundy wana neno maalumu kwa kipande cha ardhi chenye ladha yake, wanaita climat, na mwaka 2015 UNESCO imeviingiza vipande hivyo kwenye orodha ya urithi wa dunia. Babu wa Masaki ana vya kwake kichwani, na haviko kwenye orodha ya mtu yeyote.

Msije mkadhani mvinyo ni mgeni wa juzi kwetu. Kile kitabu kidogo cha Kiyunani cha karne ya kwanza kinachoitwa Periplus, mwongozo wa mabaharia wa Bahari ya Hindi, kinaeleza bandari ya mwisho ya mwambao huu, Rhapta. Wapo wanaoitafuta Rhapta kwenye delta ya Rufiji, akiwemo mwanaakiolojia wetu Felix Chami. Mwandishi anataja bidhaa zilizoletwa kutoka Uarabuni: mikuki, mashoka, visu, vyombo vya kioo. Halafu anasema kuna sehemu walikuwa wanapeleka pia mvinyo na ngano, siyo za kuuza, bali za kuwafurahisha wenyeji. Tangu mwanzo basi, mvinyo ulifika hapa kama takrima.

Hata majina yake yanasimulia. Mvinyo ni vinho ya Wareno. Divai, neno ambalo kwa masikio yangu ya utotoni lilikuwa la Biblia tupu, la harusi ya Kana, ni du vin ya Wafaransa. Mapadri wa Roho Mtakatifu walifika Zanzibar mwaka 1863 wakitokea Réunion, na mwaka 1868 wakavuka kuja Bagamoyo. Padri bila divai hasomi misa. Mmoja wao, Charles Sacleux, ndiye aliyetuachia kamusi kubwa ya Kiswahili na Kifaransa iliyoanza kuchapwa Paris mwaka 1939. Mwaka 1888 Wabenediktini kutoka Ujerumani wakajenga misheni Pugu, mpakani mwa Kisarawe, na Januari mwaka uliofuata, vita vya Abushiri vikiwa vimepamba moto, misheni ikashambuliwa na baadhi yao wakauawa. Huwa nawaza shehena ya misheni ile kupanda vilima vya Pugu kwa vichwa vya wapagazi: vitabu, misumari, na humo ndani lazima divai ya altare. Inapita katikati ya minazi yenye tembo.

Mtu ataniuliza, na Dodoma je? Dodoma ni habari ya heshima na inadai makala yake. Mizabibu ilipandwa na wamisionari wa Bihawana mwaka 1957, leo kuna kituo cha utafiti Makutupora, na jua la kule linawapa wakulima mavuno mawili kwa mwaka. Ila mimi siandiki kuhusu zabibu. Naandika kuhusu kukaa.

Shamba la bibi lilikuwa la nani? Ukiuliza sheria utapata majibu ya kushangaza. Novemba 1895 Wajerumani walitoa amri kwamba ardhi yote isiyo na mwenyewe ni mali ya dola yao, na mwenyewe aonyeshe uthibitisho. Mwaka 1923 Waingereza wakatunga sheria yao, ardhi yote ikawa ya umma chini ya Gavana. Uhuru ukaja, Gavana akaondoka, Rais akakaa kwenye kiti. Uthibitisho wa mtu wa Pwani siku zote ulikuwa mti. Umepanda mnazi, umepanda mwembe, wewe ni mwenyewe. Kwa mila za mwambao unaweza hata kumiliki mti kwenye ardhi isiyo yako, ukauweka rehani, ukaurithisha.

Novemba 1973 Mwalimu Nyerere akatangaza kwamba kufikia mwisho wa 1976 kuishi vijijini ni lazima. Bibi alihamishwa mwaka 1974. Hakupigwa, alikuwa akisisitiza hilo kila alipotusimulia, hakupigwa mtu. Lori lilikuja, wakapakia vyombo na kuku, wakashushwa kando ya barabara kwenye kijiji kipya chenye nyumba za mstari. Shamba likabaki nyuma, mwendo wa saa mbili kwa miguu. Nyumba ikaoza, ikabaki ile alama ambayo kila anayepita porini Kisarawe anaijua: msituni ghafla unakuta minazi mitatu na mwembe, unajua hapa palikuwa kwa mtu. Mahame.

Sitaki kuandika historia ya vijiji kana kwamba ilikuwa hasara tupu. Mama yangu alisoma kwa sababu shule ilikuwa kwenye kile kijiji, na mimi nimesoma kwa sababu yake. Lakini takwimu za korosho nazo zipo: nchi ilivuna karibu tani 145,000 msimu wa 1973/74, na katikati ya miaka ya 1980 ilikuwa imeshuka chini ya tani 20,000. Bei na magonjwa vilichangia, na kuwaweka watu mbali na mikorosho yao kulichangia pia. Mti wa mbali haupaliliwi.

Kwa hiyo nikiambiwa kwamba mvinyo wa Vosne una historia na tembo la Kisarawe halina, najua jibu. Vosne nao walinyang'anywa. Mapinduzi yao yaliua watu, yetu yalileta lori. Tofauti ni kwamba kule aliyenyang'anya aliandika alichonyang'anya, kwa vipimo, akakiuza kwa jina lake. Hapa aliyehamisha hakuandika alichoacha nyuma. Bibi alikuwa na minazi yake tu ya kuonyesha, na alikuwa anairudia kila msimu, saa mbili kwenda, saa mbili kurudi, mpaka miguu ilipokataa.

Karatasi nazo zina ujanja wake, nisizitukuze. Mwaka 2013 mahakama ya New York ilimtia hatiani Rudy Kurniawan, kijana aliyekuwa kipenzi cha wanunuzi wa mvinyo wa kale, mwenye ulimi uliosifiwa na kila mtu. Kumbe jikoni kwake alikuwa anachanganya mvinyo, anabandika lebo za zamani alizozichapa mwenyewe, zikiwemo za Romanée-Conti, na kuwauzia haohao waliokuwa wanamsifu. Alifungwa miaka kumi. Wazaramo wangemwonya mapema: mgema akisifiwa tembo hulitia maji.

Kikao chetu kilifanyika Jumapili, Kibaha, kwenye kibaraza cha mjomba. Kibaha hii ya leo, ambapo kila mtu wa tatu ni dalali, treni mpya inapita Soga, na mabango ya viwanja yamejaa kuanzia Maili Moja hadi Mlandizi. Mjomba alikuwa na hoja nzito na sitaki kumfanya mbaya. Ana watoto wawili chuo. Shamba halina anayelilima. Mnunuzi ameshaonekana, anataka kukata viwanja vya ishirini kwa ishirini, na ukingoja sana mipaka italiwa na majirani usipate hata hizo.

Mama mdogo akasema, "Kaka, ukiuza ya mama utanunua nini kinachofanana nayo?"

"Sinunui, nalipa ada."

Kimya. Watu wakachezea soda zao. Nami, mjinga, nikafungua mdomo nikaanza kuwaeleza kuhusu shamba la ekari nne na nusu Ufaransa. Walinisikiliza kwa heshima, kama anavyosikilizwa mtu aliyesoma. Nilipotaja shilingi bilioni 1.2 mjomba akaniuliza chupa ngapi. Nikasema moja. Akacheka mpaka akafuta machozi, akasema, "Basi mpwa wangu, tuletee huyo mteja."

Tulikubaliana jambo moja tu: kabla ya uamuzi wowote, tukaombe hati ya kimila. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inaruhusu, na ukoo wetu katika miaka yote hiyo haukuwahi kwenda kuiomba. Ili kuomba unatakiwa ujue mipaka, na mipaka alikuwa anaijua bibi.

Jumamosi iliyofuata tulikwenda watatu, mjomba, mama mdogo na mimi. Tulipotea mara mbili. Mjomba alilitambua shamba kwa mwembe uliopigwa radi, halafu tukaanza kuhesabu minazi kwenye daftari langu, mama mdogo akitaja kila mmoja ulipandwa na nani. Tulipata 31. Saba ilikuwa imekufa vichwa. Kwenye mmoja, ule wa upande wa bonde, gogo lilikuwa limechongwa ngazi mbichi, za mwaka huu, na chini kwenye mzizi kulikuwa na dumu la lita tano lililofunikwa kwa kifuu.

Hatukumwona mtu. Tuliita, hakuitika mtu. Mjomba akafunua, akanusa, akaonja kwa kiganja, akatema pembeni.

"La jana hili," akasema. Akalifunika tena, akalirudisha palepale, na akaniambia niandike namba ya ule mnazi.